Begi la uzito kabla ya JKT: nianze na kilo ngapi, na nitembelee wapi hapa Mtwara?

Mwana_Shangani aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, nimebakiza wiki 8. Nina kilo 60, km 5 nakimbia bila kusimama, ila mgongo na miguu havijazoea mzigo. Huko mtandaoni naona Wamarekani wanapimwa maili 12 kwa saa 3 wakiwa na begi la pauni 35, hesabu yake ni kama km 19 na kilo 16. Mimi nina begi la shule, na mchanga huku si wa kutafuta. Nianze na kilo ngapi? Nipakie vipi lisinivunje mgongo? Nikimbie nalo au nitembee tu? Na njia gani nzuri hapa mjini?

---

Kota_ya_Chuno alijibu:

Bwana mdogo, hizo maili 12 ziache kwanza. Hicho ni kipimo cha askari aliyekwisha pikwa, si cha mtu anayekwenda kuanza. Wewe unakwenda kuwa kuruta. Wiki za mwanzo kazi ni mchakamchaka, kwata, kusimama juani na fatiki: jembe, fyekeo, ndoo za maji. Ruti machi, yaani matembezi marefu ya kijeshi, ipo, lakini kinachowaangusha vijana mapema ni nyayo zilizochubuka na ugoko unaouma, wala si mgongo. Kwa hiyo begi liwe sehemu ndogo ya maandalizi yako, mara mbili kwa wiki, basi. Siku nyingine kimbia mikono mitupu, piga pushapu, squati na kujivuta juu ya bomba.

Kukimbia nalo: hapana. Ukikimbia, kila mguu unaotua unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ongeza kilo 10 mgongoni uone zinavyozidishwa. Misuli inapata nguvu ndani ya wiki chache, lakini mfupa na kano vinakuja nyuma taratibu. Hapo ndipo mtu anajiona yuko fiti kumbe mfupa bado, anaongeza mzigo, mfupa unapata ufa.

Uzito wa kuanzia ni moja ya kumi ya uzito wako, yaani kilo 6. Wiki mbili za kwanza usibebe kitu, tembea kwa kasi km 6 na raba zilezile utakazokwenda nazo. Wiki ya tatu kilo 6 kwa km 5. Ya nne kilo 6 kwa km 7. Ya tano kilo 8, km 7 palepale. Ya sita rudi kilo 6 na km 5, hata kama unajisikia vizuri. Usiiruke wiki hiyo. Ya saba kilo 10 kwa km 7. Ya nane beba kilo 10 mara moja tu, mwanzoni mwa wiki, halafu begi litundike mpaka siku ya kuripoti. Umeona ninavyofanya: wiki ninayoongeza kilo sivuki umbali uliokwisha uzoea. Kasi ni dakika 10 hadi 11 kwa kilometa. Hatua fupi za haraka, mwili uinamie mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, usipinde kiuno.

Sasa kupakia, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mchanga wa pwani uache pwani. Una chumvi, inavuta unyevu, leo kilo 6 kesho hujui ni ngapi, na zipu za begi zinashika kutu. Chukua mchanga wa ujenzi, uanike mpaka ukiuminya kiganjani haushikani. Ujaze kwenye vifuko vya unga vya kilo 2 vilivyokwisha tumika, pima kila kimoja kwenye mizani ya dukani kiwe kilo 2 kamili, kunja mdomo mara tatu, funga kwa uzi. Kisha kata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, shona upande mmoja, panga vifuko humo ndani na ufunge juu. Hiyo haipasuki na haichomi mgongo kama chupa.

Chini ya begi weka blanketi au shuka kuukuu iliyokunjwa, ijae mpaka nusu. Mzigo ukae juu yake, umelalia upande wa mgongo, katikati ya mabega. Mbele yake sindilia taulo usichezecheze. Ukiuweka mzigo chini kabisa, begi linakuvuta nyuma, unalazimika kukunja kiuno, na baada ya km 3 mgongo wa chini unawaka moto. Ukimaliza kupakia ruka mara mbili papo hapo: begi likikupiga, fungua upakie upya.

Begi la shule lina udhaifu mmoja mkubwa, pale mkanda unapoungana na begi kwa juu. Peleka kwa fundi viatu apige mshono wa mraba wenye msalaba ndani, kwa uzi wa nailoni. Mikanda izungushie kipande cha sponji ya godoro cha upana wa vidole vinne. Unganisha mikanda miwili kifuani kwa kamba laini, usawa wa kwapa, ili isiteleze kwenda nje. Vidole vikianza kufa ganzi, jua mkanda unabana mishipa ya fahamu begani. Simama, legeza, hamisha. Ukishindwa kuinua mkono sawasawa baada ya zoezi, acha begi kabisa mpaka nguvu zirudi, na umwone daktari.

---

Mpanda_Mtanda alijibu:

Namuunga mkono mkuu hapo juu kwa mengi, ila mchanga mtupu sikubaliani nao pale penye kilima. Huku Lindi tunapanda Mtanda na galoni la lita 5 ndani ya begi. Maji lita 5 ni kilo 5. Ukifika juu unayamwaga, unashuka mwepesi. Kushuka na mzigo ndiko kunakoumiza magoti, kupanda hakuna shida. Galoni lisiwe nusu, maji yakicheza ndani begi linayumba. Jaza mpaka mdomoni.

Kwa Mtwara mjini tatizo lenu ni tambarare. Kilima cha karibu ni kule Mikindani, mgongo wa nyuma ya mji, panda pale mara nne hadi sita na galoni hilohilo, ukiyamwaga maji kila ufikapo juu. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama km 10 kwa lami, usiende na kurudi kwa miguu ukiwa na begi, rudi kwa daladala. Na ile lami imeinama kuelekea mtaroni. Ukitembea kulia ukitazamana na magari, kama inavyotakiwa, mguu wa kulia unakuwa chini safari nzima, na goti litakueleza. Shuka kwenye njia ya vumbi pembeni kila inapopatikana.

Ufukwe wa Shangani ni mzuri maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua. Tembea kwenye mchanga uliolowa na kushikamana. Ule mkavu wa juu, wenye kuzamisha mguu, unachosha kano ya kisigino, upe dakika 10 tu na bila begi. Rudi kwa njia uliyokwendea ili mteremko ubadilishe mguu.

Muda ni baada ya sala ya alfajiri, umalize kabla ya saa 2. Unyevu wa pwani yetu unafanya jasho lisikauke, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

---

Mwana_Shangani:

Shukrani sana wakuu. Mawili bado: soksi na malengelenge, naona kisigino tayari kinawaka kwenye raba mpya. La pili, dada yangu naye kapangiwa, ratiba iwe ileile?

---

Binti_Ligula alijibu:

Kisigino kikianza kuwaka ndipo pa kusimama, si baada ya lengelenge kujaa. Kausha, bandika plasta ya kitambaa ile ya gundi ngumu, bila mikunjo, endelea. Soksi vaa mbili: nyembamba ya shule ndani, ya mpira nje, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya ngozi na kiatu. Kwa joto letu beba pea kavu, badilisha nusu ya safari. Kucha kata kwa mstari ulionyooka siku mbili kabla ya safari. Raba nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa umevaa hizo soksi mbili, na kidole gumba kibaki na nafasi ya upana wa kidole mbele.

Lengelenge dogo liache. Kubwa lenye maumivu: osha kwa sabuni, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua, ngozi ya juu USIICHUNE, funika.

Ugoko. Pitisha kidole gumba kando ya mfupa. Maumivu yakiwa yametandaa kama kiganja, punguza nusu ya kazi kwa wiki moja. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na ukirukaruka kwa mguu huo mmoja yanachoma, acha kila kitu na uende hospitali. Mwambie daktari unabeba mzigo, kwa sababu eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa hata kama upo. Mfupa huo unataka wiki 6 au zaidi, kwa hiyo usiufiche ili uwahi kambi.

Kuhusu dada: ratiba ileile, kilo kwa uzito wake yeye. Lakini mabinti hupata ufa wa mfupa zaidi kuliko wavulana kwenye mafunzo ya aina hii, na hatari inapanda asipokula vya kutosha. Hedhi ikikosekana baada ya kuzidisha mazoezi, ni dalili mwili umeishiwa, apunguze zoezi na aongeze chakula. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi kwa yeyote kati yenu. Weka mbaazi au kunde kila siku, na dagaa mle na mifupa yake, humo ndimo kuna chokaa ya mifupa, yaani kalsiamu.

Maji: kama nusu lita kwa saa, kunywa kidogo kidogo. Kujilazimisha lita 3 kwa mpigo kunapunguza chumvi kwenye damu, nako kunaua. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi au Coca-Cola baada ya zoezi, misuli imevunjika na inaziba figo. Hospitali siku hiyohiyo.

Jambo ambalo watu wa pwani hatulizungumzi: pimeni selimundu wote wawili. Mbebaji, yaani aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi na anaweza kumaliza mafunzo vizuri, ila akisukumwa kwa nguvu kwenye joto anaweza kuzimia ghafla kwa namna ambayo si uvivu. Ni vema yeye na daktari wa kambi wajue mapema.

---

Kipwa_na_Maji alijibu:

Nyongeza fupi. Begi lisiwe la mabaka, wala kofia, wala suruali. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa kisheria, na kijana anayetembea gizani na begi zito ataulizwa tu, awe na kitambulisho mfukoni.

Na usiende kambini na vifaa vya mazoezi. Angalia orodha ya JKT: bukta ya bluu iliyokoza isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi ndefu, shuka. Hizo soksi nyeusi ndefu ndizo uanze kutembelea sasa. Nyingi za sokoni zina mshono mnene kwenye vidole. Igeuze ndani nje, mshono ukae mbali na ngozi.

---

Kota_ya_Chuno:

@Mpanda_Mtanda hoja ya galoni naikubali kwa kilima. Kwa tambarare nabaki na mchanga, haubadiliki uzito njiani.

@Mwana_Shangani raba mpya zinazowaka kisigino usizianzishe na km 6. Vaa nyumbani saa mbili kwa siku, siku nne, ndipo uanze hesabu ya wiki.