Naomba ushauri: ratiba ya kwenda kambi ya Everest

Ndugu wanachama, salaam. Natarajia kutembea na mwongozaji kutoka Lukla, Nepal, hadi kambi ya kuanzia kupanda Mlima Everest, yenye mwinuko wa takriban mita 5,364. Ratiba niliyopewa ina siku moja ya kuzoea mwinuko pale Namche Bazaar (mita 3,440), kisha inapita Dingboche (mita 4,410) kwa usiku mmoja tu. Nimemwomba mwandaaji aongeze siku, akajibu kuwa vidonge vya asetazolamidi (dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko) vinatosha, jibu ambalo kwa kweli halikuniridhisha, kwani safari iliyopita, nikiwa mita 4,000 tu, kichwa kiliniuma hata nikashindwa kufunga kamba za viatu. Je, niikatae ratiba hii? Au kuna siku inayoweza kupunguzwa wakati wa kushuka ili tulale Dingboche mara mbili?