Wauza monita pana wa Kariakoo na Posta, acheni kutuuzia inchi na stika za 4K!

Wakuu salaam,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Biashara ya monita pana, hizi ndefu ambazo ofisi nyingi za hapa Dar es Salaam zimeanza kuziagiza, imegeuka kuwa sehemu ya kuwapiga watu mchana kweupe. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Tumeuziwa monita ya inchi 34 iliyoitwa 4K kwenye stika ya boksi, kwenye profoma (ankara ya bei kabla ya kulipa), na kwa mdomo wa muuzaji mwenyewe mbele yangu. Siyo 4K. Ni pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha, 2560 kwa upana na 1080 kwa kimo.

4K inayouzwa madukani ni pikseli 3840 kwa 2160, jumla kama milioni 8.3. Hii tuliyopewa ina kama milioni 2.76. Chukua kikokotoo ugawe: theluthi moja. Ofisi imelipia kitu kizima ikapewa theluthi, na nilipompigia simu muuzaji jibu lake lilikuwa, "Lakini dada yangu, kioo si kikubwa?"

Hapo kwenye ukubwa ndipo wanapotumalizia. Inchi ni kipimo cha mshazari, kutoka kona moja ya kioo hadi kona ya pili, basi. Hazisemi chochote kuhusu pikseli zilizomo ndani. Monita pana za inchi 34 zinazozunguka sokoni nyingi ni za aina mbili: 2560 kwa 1080, na 3440 kwa 1440. Zikiwa zimezimwa, ukiziweka pamoja hutazitofautisha. Washa ufungue Excel ndiyo utaona. Ya kwanza ina pikseli kama 82 kwa kila inchi moja, ya pili kama 110. Sasa sikilizeni: monita ya kawaida ya inchi 24, ile ya 1920 kwa 1080 tuliyoiondoa mezani kuipisha hii, ina kama 92. Yaani tumetoa zaidi ya milioni moja ya ofisi ili tupate maandishi mabaya kuliko tuliyokuwa nayo.

Kuna watakaosema maandishi ni maandishi tu. Hapana. Kazi yangu ni namba kuanzia asubuhi hadi jioni. Namba ya kontena moja ina herufi 4 na tarakimu 7, na zinapita mbele yangu kurasa kwa kurasa. Kwenye kioo chenye pikseli 82 kwa inchi, ukiipunguza Excel hadi asilimia 80 ili jedwali lote lionekane, 8 na 6 na 3 zinaanza kufanana. Tarakimu moja ikikosewa nyaraka haziendani na mzigo, zinarudishwa, na kontena linaendelea kukaa bandarini huku gharama zikipanda. Mteja hataki kusikia habari za monita. Macho nayo yanauma, kichwa kinauma, na hakuna anayetulipa kwa hilo.

Na faida yenyewe ya monita pana kwa ofisi ni nini? Kolamu moja ya Excel, kabla hujaigusa, ina upana wa pikseli 64. Kwenye upana wa 1920 unaona chini ya kolamu 30. Kwenye 3440 unaona zaidi ya 50, na zile 1440 za kwenda chini zinakuongezea theluthi nzima ya mistari. Leja upande huu, stetimenti ya benki katikati, ankara upande ule, huhangaiki kubadili dirisha kutwa nzima. Hiyo ndiyo sababu nilimwomba bosi, nikaitetea kwenye bajeti. Kwenye 2560 kwa 1080 unapata kolamu zisizozidi 40, na mistari ni ileile ya zamani, hauongezeki hata mmoja. Kwa pesa ile ofisi ingepata monita mbili za kawaida za inchi 24, jumla pikseli 3840 kwa upana, na chenji ikabaki. Nasema kwa uhakika: monita ya inchi 34 yenye 1080 haifai kwa kazi ya ofisi, na anayekuuzia kwa kazi hiyo huku akijua hakutakii mema. Ya inchi 29 yenye 2560 kwa 1080 angalau pikseli zake zimebanana, kama 96 kwa inchi, ingawa kimo chake ni sawa na cha monita ya inchi 23.

Namna wanavyofanya iko hivi. Ukishuka Kariakoo unapokelewa na winga. Huyu hana duka, ana maneno. Ukimwambia unatafuta monita ya ofisi anakupeleka kwenye duka analolijua yeye, na cha juu chake kinaingia kwenye bei kabla hujapewa kiti. Dukani wanawasha monita kwa flashi yenye video ya samaki wa baharini na maghorofa ya Dubai usiku. Umesimama mbali, rangi zinawaka, unaambiwa "ona 4K hiyo". Video ya namna hiyo itapendeza kwenye kioo chochote ukiwa mita mbili. Niliomba kufungua Excel. Wakasema hawana kompyuta ya kujaribia. Nikatoa laptopu yangu kwenye begi. Wakasema kijana ameondoka na waya kwenda stoo, lakini nisiwe na wasiwasi, waranti ipo mwaka mzima. Nikauliza kwa sauti, watu wakiwa wanasikia: ni pikseli ngapi? "Ni 4K, bosi." Nikataka waiandike kwenye profoma. Wakaiandika.

Boksi lilipofunguliwa ofisini, stika ya 4K ikabanduka pembeni, na chini yake kulikuwa na maandishi ya kiwandani: 2560 x 1080. Ilikuwa imebandikwa juu ya hayo maandishi. Msiniambie muuzaji hakujua. Mtu alikaa akachagua mahali pa kubandika.

Tuliporudi tukaonyeshwa mhuri kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha wakaongeza kwamba boksi limeshafunguliwa. Sasa nilitakiwa nione vipi kilichomo bila kufungua boksi, na dukani mlininyima waya?

Niwaambie wauzaji jambo ambalo wengi mnalijua ila mnategemea sisi hatulijui. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Mhuri wa mpira hauhalalishi maelezo ya uongo. Profoma yenye neno 4K ninayo. Picha ya stika na maandishi ya chini yake ninayo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, kwa sababu niligoma kuchukua ile "bei bila risiti" niliyopewa kwanza. Na wenzangu mnaonunulia ofisi, hiyo bei bila risiti msiiguse. Siku mali ikiwa mbovu huna cha kuonyesha kwamba hata ulifika kwenye duka lile.

Uongo wa pili ni wa waya na matundu, na huu unawaumiza hata waliopata monita ya kweli. Jirani zetu kwenye jengo, hapa Samora, walinunua 3440 kwa 1440 halisi. Muuzaji akawaambia inakubali kompyuta yoyote. Ofisi nyingi hapa mjini tunatumia laptopu za mtumba kutoka Ulaya na Dubai, na wauzaji wanalijua hilo kwa sababu ni wao wanaotuuzia. Laptopu yenye tundu la picha la HDMI la toleo la 1.4 mara nyingi haiwezi kuisukuma monita hiyo kwa herezi 60, yaani picha kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Inashuka hadi 50, nyingine 30, na kwenye 30 kishale cha mausi kinajivuta, ukiteremsha ukurasa maandishi yanaruka. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, inaweza. DisplayPort 1.2, aina nyingine ya tundu la picha, inaweza pia.

Sasa laptopu za HP EliteBook 840 G3, zilizojaa maofisini, hazina HDMI kabisa. Zina VGA, lile tundu la picha la zamani, na DisplayPort. Jirani zetu wakauziwa adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI, ikaishia 1920 kwa 1080, picha ikavutwa kwa upana hadi duara likawa yai. Muda wote huo tundu la DisplayPort lilikuwa wazi ubavuni mwa laptopu, na waya wake ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na monita. Nilipowachomekea ule waya, picha ikakaa sawa papo hapo. Muuzaji wa kompyuta asiyejua tundu la DisplayPort ni la nini anafanya nini nyuma ya kaunta? Na kama anajua, basi alitaka kuuza adapta.

USB-C ndiyo usiseme. Tundu lina umbo lilelile, lakini si kila tundu linapitisha picha. Mengine ni ya data na chaji tu. Anayekuhakikishia waya mmoja utachaji laptopu na kuonyesha picha, mwambie achomeke kwenye laptopu yako, hapohapo, uone. Na muulize monita inatoa wati ngapi, maana laptopu inayotaka 65 haitashiba kwa 15.

Kuhusu mpindo wa kioo sina mengi. Duka moja waliniambia 1500R ni kasi ya monita. 1500R ni nusu kipenyo cha mpindo kwa milimita, yaani mita 1.5, na namba ikiwa ndogo ndivyo kioo kinavyopinda zaidi. Kwa kazi ya majedwali msikubali kuongezewa bei kwa sababu ya mpindo peke yake. Bora muangalie kama mguu unapanda na kushuka, na mpime meza, kwa sababu inchi 34 ni karibu sentimita 80 za upana. Kwa wenye vikao vya mtandaoni kila siku, shirikisheni dirisha moja tu, siyo skrini nzima, la sivyo wenzenu wenye laptopu ndogo wataona maandishi ya sisimizi.

Ninachodai si kikubwa. Profoma iandike pikseli kwa upana na kwa kimo, herezi, aina ya matundu na namba kamili ya modeli. Neno "inchi 34" peke yake lisikubaliwe na mhasibu yeyote, na wenzangu wa manunuzi irudisheni profoma ya namna hiyo hata kama bosi ana haraka. Duka limruhusu mteja achomeke laptopu yake kabla ya kulipa. Ukishachomeka, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows usome namba inayopendekezwa na herezi zake, kisha fungua faili lako mwenyewe la Excel, siyo video yao. Geuza monita usome modeli mgongoni, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa umesimama palepale. Wakikuzuia hata moja kati ya haya, ondoka.

Barua ya kwenda FCC naipeleka wiki hii pamoja na vielelezo vyote. Aliyewahi kupeleka lalamiko la monita au TV huko naomba aeleze hapa chini alidaiwa nyaraka gani na kama alirudishiwa pesa au alibadilishiwa mali. Na mwenye duka, awe Kariakoo, Posta au Makumbusho, aliye tayari kutuwekea 3440 kwa 1440 mezani tukachomeka laptopu zetu, aseme yuko mtaa gani. Ofisi yetu bado inahitaji nyingine nne.