Sungura wetu amezaa lakini hakai na watoto wake: nimweleze nini binti yangu?

Mama Neema, Arusha

Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu anafuga sungura nyuma ya nyumba, na jike mmoja amezaa juzi. Kabla ya kuzaa alijinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni akayatandika ndani ya kisanduku, jambo lililotugusa sote. Tangu azae, hata hivyo, mchana kutwa amejilaza upande wa pili wa banda akitafuna majani, kana kwamba hana mtoto. Binti ananiuliza kama mama huyu hana upendo, na jirani anashauri tuwatoe watoto tuwanyweshe maziwa ya ng'ombe. Naomba ushauri wenu, na pia mnieleze mnyama huyu amewafundisha nini kuhusu malezi na kuishi na wenzake, kwa kuwa hilo ndilo lililonifanya nimnunulie binti sungura.

Mfugaji wa Limuru

Dada, usiwatoe watoto hao. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, aghalabu usiku au alfajiri, na kila mara ni dakika chache, tatu hadi tano. Maziwa yake ni mazito kuliko ya ng'ombe, yenye mafuta na protini nyingi zaidi, ndiyo maana dakika hizo zinatosha. Sungura wa porini wa Ulaya, ambao ndio asili ya hawa tunaowafuga, huwaacha watoto shimoni na kuziba mlango kwa udongo, na kukaa kwake mbali huwakinga na wanyama wawindao kwa harufu.

Mwambie binti afunue yale manyoya taratibu amtazame kila mtoto. Tumbo likiwa duara na limekaza, weupe wa maziwa ukionekana kupitia ngozi, huyo amenyonya. Ngozi ikiwa na makunyanzi na tumbo limebonyea, hapo ndipo pa kuhangaika. Mama aliyewazoea hatawakataa kwa sababu mmewagusa. Mimi huwaambia wanangu kwamba upendo wa sungura huonekana kwenye tumbo la mtoto wake, si kwenye muda anaokaa kiotani.

Daktari wa mifugo mstaafu, Tanga

Nakubaliana na ndugu wa Limuru kuhusu kunyonyesha, ila ningesita kumfanya sungura kielelezo cha mama. Jike aliyetishwa na mbwa au kelele anaweza kuwakanyaga watoto wake, hata kuwala, na saa chache baada ya kuzaa anaweza kupata mimba nyingine endapo dume yumo bandani. Mtengeni dume huyo leo hii. Kwa maoni yangu somo la malezi liko upande wetu sisi tunaomfuga: maji safi muda wote, kwa maana jike anayenyonyesha hunywa mengi sana, kivuli cha kutosha, na nyasi kavu, ambazo ndizo zinazosaga meno yake yasiyokoma kukua. Sungura huficha ugonjwa. Akiacha kula kwa nusu siku, utumbo wake unaweza kuwa umesimama, na hapo anahitaji daktari bila kusubiri kesho. Mtoto anayejifunza kugundua kwamba majani ya asubuhi hayajaguswa amejifunza kumtazama mwenzake kwa makini, na hilo nalithamini sana.

Mwalimu, Nakuru

Shuleni kwetu sungura wanatunzwa na wanachama wa klabu ya 4K, yaani klabu ya wanafunzi wanaojifunza kilimo na ufugaji. Watoto wanapenda kuona jinsi mmoja anavyoinamisha kichwa mbele ya mwenzake ili alambwe paji la uso, na jinsi mmoja akipiga ardhi kwa mguu wa nyuma kutoa tahadhari, banda zima linavyotulia. Lakini ushirika wenyewe niliuona wakati wa likizo, kwa sababu sungura hawana likizo na wanafunzi wengi wanakaa mbali. Wazazi wanaoishi karibu na shule waligawana zamu bila kuombwa mara mbili. Mmoja alileta majani ya viazi vitamu kutoka shambani kwake, mwingine akaziba paa lililokuwa likivuja. Baadhi yao walikuwa hawasalimiani kabla ya hapo.

Mama Neema, Arusha

Nawashukuru sana. Dume ametengwa. Tumewatazama watoto wote pamoja na binti: matumbo yamejaa, isipokuwa mmoja mdogo ambaye ngozi yake imekunjamana kabisa. Nyumba ya pili wana jike aliyezaa wiki hii na watoto wake ni wachache, na mama mwenye nyumba amekubali kumpokea. Je, inawezekana?

Mfugaji wa Limuru

Inawezekana, na sisi hufanya hivyo mara kwa mara, kwani jike hulea mtoto asiye wake iwapo umri wao haujapishana zaidi ya siku mbili tatu. Mpelekeni jioni hii akiwa amefunikwa asipate baridi, msugueni kwa manyoya ya kiota kipya, kisha mwekeni katikati ya wenzake. Mtieni alama ndogo ya wino sikioni ili binti aweze kumtambua, na kesho asubuhi aende amtazame tumbo.