Kiwanda cha maziwa kinatumia maji m³ 350 kwa siku: tuanzie wapi kupunguza?

MitaNaVali aliuliza:

Hamjambo wadau. Swali ni la kiwanda cha maziwa hapa Industrial Area, Nairobi, kinachopokea lita 100,000 za maziwa kwa siku. Maji yanayotumika ni kama mita za ujazo 350 kila siku: 150 za bomba la jiji na 200 za kisimani. Ni lita 3.5 za maji kwa lita moja ya maziwa. Kuna boila ya tani 4 za mvuke kwa saa, mnara wa kupoozea wa kompresa za amonia, mitambo mitatu ya CIP (ya kuosha mabomba na matangi bila kuyafungua), na RO (mtambo wa kuchuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando) inayosafisha maji yote ya kisima kwa sababu ya floraidi. Wakuu wanataka asilimia 20 ipungue mwaka huu. Pia wanataka ripoti iseme kampuni "inarudisha maji" kwa kupanda miti Murang'a. Kwa hivyo maswali ni mawili: pesa za kwanza ziende wapi, na hiyo ya kurudisha maji ina uzito gani?

FundiBomba:

Usinunue kitu kabla hujajua hizo 350 zinagawanyika vipi. Mita moja ya getini haikusaidii. Weka mita ndogo kwenye maji yanayoingia boila, yanayoongezwa mnarani, kila CIP, RO (yanayoingia na yanayotupwa, zote mbili), na laini ya kuoshea sakafu. Mita ya mitambo inataka bomba lililonyooka, urefu wa mara 10 ya kipenyo kabla yake na mara 5 baada yake. Ukiifunga papo hapo baada ya kona au vali iliyofunguliwa nusu, itasoma uongo. Mbele yake weka chujio, maana mchanga wa kisima hula gurudumu la ndani.

Mita ya jiji ina shida ya peke yake. Maji ya mgao yanaporudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia na kuizungusha mita; unaiona inakimbia na tangi bado kavu. Iombe kampuni ya maji iweke vali ya kutoa hewa kabla ya mita. Msiifungue wenyewe, si mali yenu.

Halafu someni mita zote Jumapili saa nane usiku, uzalishaji ukiwa umesimama, na mzisome tena saa kumi alfajiri. Kinachopita hapo katikati hakitengenezi maziwa. Lita 10 tu kwa dakika ni m³ 14.4 kwa siku, yaani asilimia 4 ya maji yenu yote. Mara nyingi mwizi ni boya la tangi la juu. Vali yake ikichakaa, maji hupita kwenye bomba la kufurikia na kuingia moja kwa moja kwenye mtaro, kimya kimya, miezi na miezi. Kata hilo bomba lisiingie mtaroni. Liache limwage ukutani mahali ambapo kila mtu anapita. Siku likilia, litaonekana kabla ya chai ya saa nne.

MvukeSafi:

Naongeza ya boila na mnara, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo penye maji mengi.

Tuchukue boila inatoa wastani wa tani 3 kwa saa kwa saa 16. Hayo ni maji m³ 48. Kama mnarudisha asilimia 30 ya kondenseti (mvuke uliopoa ukawa maji), mkifika asilimia 75 mmeokoa karibu m³ 22 kwa siku. Mafuta nayo hupungua: kila digrii 6 unazopandisha maji yanayoingia boila huokoa kama asilimia 1 ya mafuta, na kondenseti hurudi ikiwa na digrii 85 hadi 90. Asilimia 100 hamtafika, kwa sababu mvuke unaopigwa moja kwa moja ndani ya maji, kama kwenye kuosha kreti, haurudi.

Vitu viwili huharibu kazi hii. Cha kwanza ni maziwa. Bamba la kibadilisha joto likipasuka, maziwa huingia kwenye kondenseti, boila hutoa povu, na maji hubebwa pamoja na mvuke. Weka kipimo cha upitishaji umeme (maji yenye vitu vilivyoyeyuka hupitisha umeme zaidi) kwenye laini ya kurudi, pamoja na vali inayomwaga yenyewe kipimo kikiruka. Cha pili ni kisima chenyewe. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana baikaboneti nyingi. Yakichemka ndani ya boila hutoa kaboni dayoksaidi, ambayo huenda na mvuke na kugeuka asidi pale mvuke unapopoa. Fungua bomba la kurudi la chuma: ukikuta mfereji umechimbika sakafuni mwake, kana kwamba umepigwa patasi, na maji ni mekundu, ni hiyo. Sofna, yaani mtambo wa kulainisha maji, haiondoi baikaboneti, huondoa ugumu tu. Kwa kiwanda cha chakula msikimbilie dawa za amini za kuzima asidi hiyo, kwa sababu mvuke unagusa bidhaa na si kila amini inaruhusiwa. Lisheni boila maji ya RO.

Mnara: maji yanayopotea kama mvuke ni karibu asilimia 0.153 ya yanayozunguka, kwa kila digrii 1 inayoshuka. Mkizungusha m³ 90 kwa saa na kushusha digrii 5, mvuke ni m³ 16.5 kwa siku, na hilo halikwepeki. Kinachobadilika ni maji mnayomwaga ili chumvi isijae. Kwa mizunguko 2 ya ukolezi (chumvi ya mnarani imefika mara 2 ya maji yanayoingia) mnaongeza m³ 33 kwa siku, kwa mizunguko 5 mnaongeza 20.6, kwa mizunguko 8 ni 18.9. Kutoka 2 kwenda 5 mmeokoa m³ 12. Kutoka 5 kwenda 8 hampati hata 2, na hatari imeongezeka sana. Muuzaji wa dawa anayekuahidi mizunguko 10 anakuuzia dawa, si maji.

Na kabla hamjafika hata hiyo 5, pimeni silika (madini kama ya mchanga, yaliyoyeyuka majini). Maji ya kwenye miamba ya volkano huwa nayo nyingi. Mnarani isizidi kama mg 150 kwa lita. Kisima chenye 50 kinawaruhusu mizunguko 3 tu. Gamba la silika ni kama kioo, asidi ya kawaida hailitoi.

Kidhibiti cha kumwaga kisafishwe kila wiki na kulinganishwa na kipimo cha mkononi. Kikishika utando wa uchafu husoma chini, vali haifunguki, na chumvi inajaa huku skrini ikionyesha kila kitu kiko sawa. Tena, mizunguko ikiongezeka maji hukaa mnarani muda mrefu, kwa hivyo dawa ya kuua bakteria isipunguzwe. Legionella, bakteria wa homa ya mapafu, hupenda maji ya uvuguvugu kama hayo.

MaabaraDada:

CIP wengi huiendesha kwa saa, na saa hiyo iliwekwa siku mtambo ulipofungwa, kukiwa na dakika za tahadhari juu ya tahadhari. Bomba la milimita 51 likipitisha maji kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde linameza lita 160 kwa dakika. Mkiosha mara 40 kwa siku na kila mara dakika 3 zimezidi, ni m³ 19 zimekwenda mtaroni. Suuzo liishie pale kipimo cha upitishaji kinapofanana na cha maji safi, kisha pH ithibitishe, na swabu (pamba za kupima bakteria) zichukuliwe kwa wiki mbili kabla ya kufanya mpangilio huo kuwa wa kudumu.

Maji ya suuzo la mwisho yahifadhiwe kwa suuzo la kwanza la safari inayofuata. Tangi lake limwagwe kila baada ya saa 24, vinginevyo mnafuga bakteria.

Tafadhali msipunguze kasi ili kuokoa maji. Chini ya mita 1.5 kwa sekunde uchafu haung'oki vizuri, na maziwa yatakayorudishwa kutoka madukani yana maji mengi kuliko mliyookoa.

Sakafuni: fagio la mpira kwanza, maji baadaye, na kila mpira wa maji uwe na bastola (vali ya kubonyeza) mdomoni.

MitaNaVali:

Shukrani sana. Mawili zaidi. RO inatoa maji safi asilimia 70 ya yanayoingia, kwa hivyo m³ 60 hutupwa kila siku. Msimamizi wa bustani anataka kumwagilia sukuma wiki za kantini kwa maji hayo. Je, yanafaa? Na paa letu la m² 5,000, mvua inaweza kutufikisha wapi?

FundiBomba:

Sukuma wiki hapana. Kwa asilimia 70, kila kilichokuwa kwenye maji kinakolezwa karibu mara 3.3 katika yale yanayotupwa. Kisima cha floraidi mg 4 kwa lita kitatoa maji ya kutupwa yenye mg 13, na Shirika la Afya Duniani linashauri 1.5 kwa maji ya kunywa. Chumvi nayo itaua udongo. Mnarani pia msiyapeleke, kwa sababu ya silika aliyoeleza MvukeSafi. Yapelekeni vyooni na kwenye suuzo la kwanza la uwanja wa malori, kwa mabomba ya rangi tofauti yasiyounganika popote na maji ya kunywa, hata kwa vali iliyofungwa. Vali iliyofungwa kuna siku itafunguliwa.

Lakini swali lenyewe ni kwa nini m³ 200 zote zinapita RO. Choo hakihitaji maji ya RO, wala uwanja. Tenga yanayokwenda kwenye bidhaa, CIP na boila. Mengine yapite pembeni. Hapo zile 60 zitapungua zenyewe. Msibane vali ya RO ili kupandisha asilimia kabla ya kupima silika: kwa asilimia 70, silika ya 50 imeshafika kama 167, na utando wa RO unalindwa na dawa peke yake.

Paa: milimita 1 ya mvua kwenye m² 1 ni lita 1. Kwa mwaka wa mvua ya milimita 900, na asilimia 80 ikikusanyika, ni m³ 3,600. Ni matumizi yenu ya siku 10 tu, tena huja Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Hata hivyo mvua haina silika, kwa hivyo ni maji mazuri ya mnara. Dhoruba moja ya milimita 40 inaleta m³ 160, basi tangi lifikie hapo. Milimita ya kwanza, m³ 5, imwagwe pamoja na vumbi na kinyesi cha ndege.

BondeLaJuu:

Nijibu la miti, maana hapo ndipo kampuni kubwa huteleza, na linaniuma.

Maji ya bomba Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka Aberdare. Ndakaini, bwawa la m³ milioni 70, liko bonde la Tana, na maji yake husafishwa Ngethu. Handaki la Northern Collector, kilomita 11.8, nalo huchota mito ya Murang'a na kuipeleka Ndakaini. Mkishatumia, maji taka huenda kwenye mabwawa ya kusafishia ya Ruai na kuishia mto Nairobi, kisha Athi. Yaani mmechota Tana mkamwaga Athi. Hata mkisafisha namna gani, Tana haijarudishiwa tone.

Kwa hivyo zile 150 za jiji, kazi ya Murang'a ina maana. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa 2015, unafanya hivyo: matuta, mistari ya nyasi shambani, mabwawa madogo ya kuvuna mvua, kingo za mito kulindwa. Faida kubwa ni udongo kubaki shambani badala ya kujaza bwawa na kuchafua maji wakati wa masika. Ila angalieni aina ya mti. Mikaratusi kando ya chemchemi hunywa maji kuliko inavyoyaleta.

Zile 200 za kisima, zinazotoka bonde la Athi, ni habari nyingine kabisa. Haziguswi na mti wa Murang'a hata mmoja. Wajibu wenu huko ni kibali cha WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji) na kiwango chake cha kila siku, mita inayofanya kazi, na kina cha maji kuandikwa kila wiki. Teremsheni bomba dogo la milimita 25 kando ya lile la pampu ili kipimo kipite bila kunasa. Pimeni pampu ikiwa imepumzika, siku ile ile na saa ile ile, la sivyo mnalinganisha visivyolingana. Kina kikishuka mwaka hadi mwaka, hakuna hesabu ya "tumerudisha lita kwa lita" itakayowatetea mbele ya majirani wenye visima. Plachimada, jimbo la Kerala, India, kiwanda cha Coca-Cola kilisimamisha uzalishaji mwaka 2004 kwa mgogoro wa maji ya chini ya ardhi na wakazi. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilitangaza imefikia lengo la kurudisha maji dunia nzima, lakini hesabu ilihusu ujazo wa vinywaji, si maji yaliyokuza miwa ya sukari. Nanyi vilevile: maji mengi ya lita moja ya maziwa yako kwenye malisho ya mfugaji, si getini kwenu.

Kiwango cha Alliance for Water Stewardship (muungano wa matumizi bora ya maji), kilichotoka 2014, kinataka kampuni iangalie bonde zima na si ua wake tu. Kifuateni hata kama hamtaki cheti.

Kwenye ripoti wekeni mistari miwili tofauti, Tana na Athi, kila mmoja na m³ zilizochotwa na m³ zilizopunguzwa. Neno "kurudisha" liandikwe kwenye mstari wa Tana peke yake, na tu kwa kiasi kilichopimwa. Kwenye mstari wa Athi andikeni kina cha kisima, Januari na Desemba.

MvukeSafi:

Kwa hesabu ya humu: kondenseti 22, mnara 12, CIP 19, uvujaji kama upo 14. Ni m³ 67, na asilimia 20 yenu ni 70. RO ikitengwa mtapita. Anzeni na boya la tangi.