Ushauri wa afya umekuwa mwingi mpaka unachanganya. Wewe ulianza na kipi? Tupeane uzoefu

Ndizi Mshale
Wakuu, heshima kwenu. Juzi nimepima presha duka la dawa hapa Mbuyuni, Moshi: 148 kwa 94. Dada wa pale kaniambia punguza chumvi, urudi tupime tena. Maneno mawili tu. Nimefika nyumbani nikamwambia mama watoto, mama watoto kamwambia dada yake, jioni kundi la familia limefurika. Acha ndizi, zina sukari. Kula ndizi, zina potasiamu. Maji ya moto na limau. Kitunguu saumu punje mbili. Mlonge. Mbegu za maboga. Usile asubuhi kabisa. Amka saa kumi na moja ukimbie. Baba mdogo kapiga simu toka Rombo kusema presha ni ya watu wa mjini.
Mimi fundi umeme, natoka alfajiri narudi usiku. Hayo yote nayafanya saa ngapi? Waliopitia naomba mniambie: ukiambiwa uchague kimoja au viwili tu, ulianza na kipi?

Chalii wa Sanawari
Potasiamu na Rombo kwenye kundi moja, hahaha. Pole mkuu. Mimi ni kutembea tu. Nikitoka kazini nashuka Mianzini, nakanyaga mguu mpaka Sanawari. Hakuna gym, hakuna raba za bei mbaya. Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, ukizigawa ni kama nusu saa siku tano.

Mbishi Mwenzenu
Barabara hiyo na moshi wa malori? Utapona presha upate pafu.

Chalii wa Sanawari
Wewe uliyepanda bodaboda kutoka kitandani mpaka chooni nyamaza.

Mama Glo wa Rau
Nimefika hapo kwenye "usile asubuhi kabisa" moyo umenipiga paa.
Mama yangu mkubwa ana kisukari, anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, kila asubuhi. Akatumiwa video, mtu kavaa koti jeupe, anasema kufunga saa kumi na sita kunamaliza sukari. Mama akaanza kufunga kimyakimya, na vidonge anameza kama kawaida. Hakutuambia mtu.
Siku hiyo tunatoka Marangu kuja Moshi, Hiace imejaa, magunia ya ndizi mpaka miguuni. Yeye kakaa dirishani. Karibu na Himo nasikia anaongea maneno hayana kichwa wala miguu. Jasho linamtiririka, kilemba kimelowa chepechepe, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Akamshika konda shati akamwita jina la marehemu mume wake. Konda kaangua kicheko: "Bibi kapiga mbege saa mbili asubuhi!" Gari zima likacheka. Mama yangu mkubwa! Mzee wa usharika ambaye hata divai anaionja tu!
Mmoja anasema mwombeeni, mwingine mpepeeni, mwingine anataka ashushwe asije akatapika. Nyuma kulikuwa na binti kavaa sare za chuo cha uuguzi. Karuka magunia, kamgusa shingo, kauliza mawili tu: "Ana sukari? Amekula?" Akamnyang'anya mtoto wa watu soda, akaangalia kama mama anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Mtoto analia, konda kanyamaza. Baada ya muda mama anafungua macho anauliza nani kanimwagia soda kwenye kitenge.
Hospitali wakapima, na soda tayari iko tumboni, bado sukari ilisoma 3.1, iko chini. Daktari hakufoka. Alisema ukimeza hiki, ule. Ukitaka kufunga, hata Kwaresima, njoo kwanza tupange dozi. Video hakuiuliza. Mama mwenyewe kaandika kwa kalamu nene mlango wa kabati: KIDONGE NA CHAKULA. Mengine yote ya mitandaoni kayafuta.

Kijana wa Kiboriloni
Aisee. Konda aliomba radhi?

Mama Glo wa Rau
Alirudisha nauli. Radhi sikuisikia.

Mbishi Mwenzenu
Mnamwonea konda. Njia ile saa mbili asubuhi waliolewa kweli wapo.

Meku Mstaafu
Kijana, chunga mdomo. Mbege ni chakula. Ulezi na ndizi, wazee wetu walikunywa wakafika miaka tisini.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee wangu. Ni chakula na ni pombe, vyote kwa pamoja. Anayemeza vidonge kama vya huyo mama, pombe na tumbo tupu vinaweza kumshusha sukari vibaya. Na wale waliofika tisini ndio tunaowakumbuka, wenzao hatukuwaona.

Meku Mstaafu
Marahaba. Lakini umenijibu kijeuri.

Kijana wa Kiboriloni
Turudi kwenye mada kabla konda hajaitwa hapa. Mkuu, kunywa maji tu, lita nne kwa siku, sumu yote inatoka.

Binti Maji ya Chai
Maji ya wapi? Sisi tuliokulia huku chini ya Meru tukicheka mnaona. Visima vyetu vingi vina floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kupita kiasi, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Na msiniambie chemsha. Ukichemsha maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Mimi kitu changu cha kwanza kilikuwa kukinga maji ya mvua ya kunywa wanangu. Figo za kawaida zinatoa uchafu zenyewe, kunywa ukiona kiu.

Dereva wa Zamani
Mwaka 2011 nilikuwa naendesha watu Samunge, Loliondo. Foleni ya magari huoni mwisho, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500. Angalau kile kilikuwa kikombe kimoja! Siku hizi unapewa ishirini na kila kimoja kina masharti yake.

Mbishi Mwenzenu
Mkuu usifungue hilo, tutakesha.

Nesi wa Zamu
Ndizi Mshale, 148 kwa 94 ya mara moja bado si hukumu. Rudia siku nyingine. Kaa kimya dakika tano, mgongo uegemee, usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Wengine wanapimwa wanahema na kapu la soko mkononi. Ikijirudia 140 kwa 90 au zaidi, nenda kwa daktari. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma au macho yanaona giza, usisubiri kesho.
Dada wa dukani kakwambia sawa, anza na chumvi. Chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabu ya mkate na ya vile viungo vya pakiti.

Mama Glo wa Rau
Na magadi je? Nauliza kwa ajili ya kiburu, ndizi zetu na maharage.

Nesi wa Zamu
Magadi ni sodiamu vilevile. Yapunguze.

Meku Mstaafu
Sasa mmegusa kiburu. Mimi naondoka.

Ndizi Mshale
Mzee rudi, bado nakula kiburu, magadi ndio hapana. Nimemwambia mama watoto chumvi isikae tena mezani, na site ya karibu nitaenda kwa miguu. Kundi la familia nimelizima sauti. Swali la mwisho: mashine ya nyumbani ya presha ninunue ipi? Kuna zile za kifundo cha mkono ni ndogo nzuri.

Nesi wa Zamu
Chukua ya mkono wa juu, za kifundo zinayumba ukikosea mkao kidogo. Jaribu mkanda hapohapo dukani. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo unasoma juu kuliko ukweli.

Chalii wa Sanawari
Mafundi umeme mikono yao ni waya tu, atapata saizi.