"Mjini" ya Kilatini inanichanganya: in urbe au in urbem?

Fundi_KenyattaMarket
Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi cherehani, Kenyatta Market, na jioni naimba kwaya parokiani, sauti ya pili. Miaka mingi nimeimba Kilatini bila kujua ninamwambia Mungu nini, na hilo liliniuma. Sasa najifunza. Kabla wateja hawajaja nakariri maumbo ya neno "msichana": puella, puellam, puellae. Usiku natunga sentensi tano za siku yangu na kuzitafsiri.

Vitenzi vimenikubali. Amo, amas, amat ni ninapenda, unapenda, anapenda. Sisi twamtaja mtendaji mwanzoni mwa neno, wao mwishoni. Nomino ndizo zinanitoa jasho. Jana niliandika "in urbe eo", naenda mjini. Kitabu kinasema "in urbem eo". Lakini nakaa mjini ni "in urbe habito". Si mji ni uleule?

Mwalimu_mstaafu_Buruburu
Fundi, hiyo -ni yetu inabeba mizigo mingi: naenda mjini, nakaa mjini, natoka mjini. Kitenzi ndicho kinachotufahamisha. Kilatini hutaka nomino nayo iseme. Hubadili mwisho wake. Ukielekea, akuzativu, yaani umbo la nomino la kitu kinachotendewa au kinachoelekewa: in urbem. Ukishafika ukatulia, ablativu, umbo la mahali ulipo, unapotoka au kifaa unachotumia: in urbe. Ukitoka, ablativu tena: ex urbe. Andika hizo tatu pamoja kila siku, usizitenganishe.

Ila jihadhari na pono, naweka. Mkono unasogea, lakini husemwa "in arca pono", naweka sandukuni, kwa ablativu. Hiyo ilinisumbua sana nikiwa kijana.

Halafu tazama: hatusemi "naenda Nairobini". Warumi nao mji ukitajwa kwa jina waliacha "in": Romam eo, naenda Roma, Romae habito, nakaa Roma.

Binti_wa_Rongai
Mimi "kwa" na "na" zilinisaidia. Nashona kwa sindano: acu suo, ablativu tupu. Nafanya kazi na binti yangu: cum filia laboro. Kifaa hakitaki cum, mtu anaitaka.

Fundi_KenyattaMarket
Asante sana mwalimu, asante dada. Ya leo, nimeandika nyuma ya risiti: Mane in forum eo. In foro sedeo et acu suo. Vesperi in domum redeo. Yaani: asubuhi naenda sokoni, sokoni naketi na kushona kwa sindano, jioni narudi nyumbani.

Mwalimu_mstaafu_Buruburu
Forum na foro umezipata barabara! Toa "in" ya mwisho tu. Domus hufuata desturi ya majina ya miji: domum redeo, narudi nyumbani.