Mjadala: Umiss unamsaidia nini binti wa Dodoma?

Mleta mada
Mbukwenyi wana Dodoma, pamoja na nyie mliohamia na Serikali.

Kundi letu la mtaa hapa Nkuhungu limechafuka tangu juzi. Binti wa jirani, yuko mwaka wa pili chuoni, ametangaza kwamba anajiandikisha mashindano ya urembo ya mkoa. Baba mtu kasema huo ni uhuni na ada halipi tena. Mama mtu kasema mwacheni ajaribu, kwani Jokate alianzia wapi? Watu wakagawanyika, matusi yakaanza, nikaona bora tulilete hapa.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili nisije nikaambiwa nauma na kupuliza. Umiss una faida, ila faida yenyewe haitoki kwenye taji. Taji ni kipaza sauti tu, na asiye na la kusema atakishika mwaka mzima halafu atakirudisha. Angalieni majina tunayoyataja kila tukibishana. Nancy Sumari, Miss Tanzania 2005, mwaka huohuo akawa Miss World Afrika kule Sanya, China. Leo watoto wanamjua kwa vitabu. Faraja Kotta wa 2004 ndiye aliyeanzisha Shule Direct, ambako wanafunzi wa sekondari wanajisomea kwa simu. Flaviana Matata, Miss Universe Tanzania wa kwanza kabisa, 2007 alipanda jukwaani Mexico na kipara chake akaingia kumi bora, sasa taasisi yake inasomesha wasichana. Huyo Jokate Mwegelo wala hakushinda. 2006 alikuwa wa pili nyuma ya Wema Sepetu, na 2018 akateuliwa mkuu wa wilaya Kisarawe.

Tatizo langu ni kwamba tunataja hao wanne halafu tunaona tumemaliza. Kwa miaka yote hii mashindano yamechezwa ngazi ya kitongoji, wilaya, mkoa na kanda. Wasichana wangapi wamepita hapo, na wako wapi? Aliyekuwa wa sita Miss Dodoma alipata nini? Hilo ndilo nataka tujadili.

Mzee wa Kikuyu
Mwanangu, umeanzia katikati. Miss Tanzania ilikuwepo 1967, Theresa Shayo akavishwa taji. Mwaka uliofuata ikapigwa marufuku, ikasemwa ni utamaduni wa kibeberu, haukai pamoja na ujamaa wa Azimio la Arusha. Oktoba 1968 Vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, dawa za kujichubua, vyote marufuku kuanzia Januari 1969. Sasa sikiliza kichekesho. Miaka hiyohiyo Wamasai nao walikuwa wanaambiwa waache lubega na wavae suruali kama watu. Mmoja kakosa kwa kuvaa cha Kizungu, mwingine kakosa kwa kutovaa cha Kizungu.

Mashindano yakarudi 1994 wakati wa soko huria, na wengine katika wale waliopiga kelele nikawaona wamekaa meza za mbele. Ndiyo maana nikisikia neno "maadili" kwenye suala hili huwa nauliza kwanza nani anasema, na yuko meza gani.

Mama wa Kondoa
Shikamoo mzee wangu. Historia yako nimeipokea, lakini usitufanye sote wanafiki. Mimi sipingi kwa sababu ya meza ya mbele. Nina mabinti watatu na sitaki mtu akae na kalamu awape alama za mwili. Mtihani wa darasani mtoto akifeli anarudia, akasoma zaidi. Hapa akifeli, amefeli urefu wake na kiuno chake. Anarudia nini?

Msiniletee na habari ya bikini. Najua Miss World wenyewe waliliondoa vazi la ufukweni tangu 2015, Miss Universe bado wanalo. Hata mkimfunika binti kwa baibui mkampa alama, kwangu tatizo liko palepale.

Dereva wa Sabasaba
Hapo mama umeua. Nafuatilia.

Fundi wa Majengo
Naomba niongelee hela maana hapa mnaongea maadili tu. Mimi nashona, na msimu wa mashindano huwa napokea hao mabinti. Anataka gauni la usiku, anataka vazi la ubunifu, anataka na nguo ya kufungulia shoo. Kitambaa cha gauni la usiku peke yake, chenye kung'aa na shanga, kinakula laki bila wasiwasi, bado ufundi. Hapo hujagusa nywele, kucha, viatu virefu, picha za kujitangaza, na bodaboda za kwenda mazoezini kila jioni. Nauliza, mwandaaji anatoa nini? Najibiwa: "Anatoa jukwaa."

Wengine wanakuja na mama zao, wanalipa kidogokidogo. Wengine wanakuja na mtu anayeitwa "mdhamini wangu", analipa taslimu na hapandi ngazi, anasubiri ndani ya gari. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako la nani anafaidi lina jibu jepesi. Mwenye ukumbi anafaidi, mwenye muziki anafaidi, mimi nafaidi. Huyo wa sita ndiye aliyetulipa sote.

Mtumishi wa Mtumba
Fundi umesema kweli lakini mnakuza mambo. Hata kucheza mpira kuna gharama, mbona kijana akinunua njumu hamleti uzi? Dodoma ya sasa ina mikutano kila wiki, ukumbi wa Jakaya Kikwete haukauki wageni, na waandaaji wa shughuli wanatafuta wasichana wanaojua kusimama, kusalimia, kuongea mbele za watu. Waliopita umiss ndio wanaoitwa kwanza. Nimeshuhudia. Binti anatoka na ujasiri ambao chuo hakijampa kwa miaka mitatu. Hiyo nayo ni faida, hata kama hakuvaa taji.

Mleta mada
Mkuu, hoja ya mpira siikatai, tena ni nzuri. Ila mchezaji akisajiliwa kuna fomu, kuna mkataba, kuna chama anaweza kukimbilia. Hoja ya ujasiri nayo naikubali nusu. Kusimama mbele ya watu kunafundishika kwenye midahalo ya shule, kwaya, hata kwenye vikundi vya vikoba, bila kisigino cha inchi sita. Kama umiss ndiyo njia pekee iliyobaki kumfundisha binti kuongea, basi tuzidai shule kwanza.

Niliyewahi Kushiriki
Nimesoma nikataka kupita kimya, nimeshindwa.

Nilishiriki mkoa mmoja wa kanda hii, nikaingia tano bora. Sitataja mwaka wala waandaaji. Mazuri nianze nayo: kambini tulikuwa na mwalimu wa miondoko ambaye alitufundisha hadi kupumua, na kuna dada mmoja wa benki alikuja kutufundisha kuweka akiba. Mpaka leo natumia alichosema. Marafiki niliowapata kule ndio walionisimamia harusi yangu.

Mabaya sasa. Zawadi yangu ilitangazwa jukwaani watu wakapiga makofi. Niliifuatilia mpaka simu yangu ikawa haipokelewi. Mdhamini anasema keshatoa, mwandaaji anasema mdhamini hajatoa, na mimi sina karatasi hata moja yenye jina langu zaidi ya fomu niliyoilipia. Halafu ile "chakula cha jioni na wadau". Hatukulazimishwa kwenda, tuliambiwa tu kwamba majaji wanapenda mrembo mchangamfu. Mimi nilienda mara moja, nikakaa karibu na mlango, nikaondoka na mwenzangu. Ambao hawakuondoka mapema siwahukumu. Kila mtu alikuwa na gauni la kulipia.

Mniulize kama ningerudia? Ningerudia. Ila ningeenda na shangazi yangu, na ningeenda na karatasi.

Mama wa Kondoa
Pole mwanangu. Na ndiyo hofu yetu sisi wazazi, basi tu hatujui kuieleza, tunaishia kusema uhuni.

Mwalimu wa Chamwino
Naona mmezama kwenye hela na hatari, sawa. Niongeze lingine linalotuhusu sisi wa kanda ya kati hasa. Miss Tanzania 2016, Diana Edward, ni Mmasai, na aliamua taji lake lizungumzie ukeketaji. Kampeni yake aliiita Dondosha Wembe, akaenda nayo hadi Miss World. Sasa utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionesha Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, mkoa wa pili nchini baada ya Manyara. Mimi nimefundisha hapa, jambo hili kwenye mkutano wa kijiji wanaume wanainamisha vichwa. Lakini mabinti wangu wa kidato cha tatu walipoona picha ya yule dada na taji kichwani, ni wao waliouliza wembe gani unaodondoshwa. Kipindi kizima kikaishia hapo na sikujuta.

Hapo ndipo napotofautiana kidogo na mleta mada. Unasema taji ni kipaza sauti tu. Hiyo "tu" ndiyo siielewi. Huku kwetu mtoto wa kike hapewi hata hicho kipaza sauti.

Jambo la pili dogo. Miss World kuna kipengele cha kipaji. Sisi tuna muheme, ngoma wanayoipiga wanawake wa Kigogo wameibana katikati ya miguu, mgeni akiisikia anasahau alikuwa anakwenda wapi. Lakini kwenye mashindano yetu ya mkoa mabinti wanapanda na kucheza nyimbo za redioni. Majaji wanaogopa nini?

Mtumishi wa Mtumba
Muheme na gauni la usiku, hahaha. Mwalimu, kiuno cha gauni la fundi kitafumuka.

Fundi wa Majengo
Nitaweka mpasuo. Lete kazi.

Mleta mada
Mwalimu, umenibana vizuri. Hiyo "tu" naifuta. Ila swali la mwanzo halijafa: kipaza sauti kinapokelewa na mmoja, na waliolipia ukumbi ni kumi na tano. Binti akishiriki akiwa na jambo lake, hata akiwa wa sita ataendelea nalo. Akienda kwa sababu ameambiwa ni mrembo, akiwa wa sita anarudi na deni la fundi.

Wakili Msomi
Niweke la sheria, kwa kifupi. Mashindano haya yanahitaji kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mshiriki ana haki ya kumuuliza mwandaaji kibali kiko wapi, na asiyekuwa nacho muepuke. Baraza lina meno: mwaka 2014 mshindi wa Miss Tanzania aliachia taji kwa mzozo wa umri wake, na BASATA ikayasimamisha mashindano yenyewe kwa muda. Uendeshaji wa taifa ulichukuliwa 2018 na Basilla Mwanukuzi, ambaye mwenyewe alikuwa Miss Tanzania 1998, kwa hiyo angalau juu aliingia mtu anayejua kambi inafananaje. Matatizo mengi yako huku chini, kwa mawakala wa mikoa na wilaya.

Mkataba: aliyetimiza miaka 18 ana uwezo kisheria wa kuingia mkataba, chini ya hapo msimtume. Uandikwe zawadi ni nini, inatolewa na nani, lini, na picha za mshiriki zitatumika wapi. Zile "chakula cha jioni" sasa. Mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe upendeleo, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure, 113. Jaji wa umiss na mwandaaji wasidhani wao hawahusiki kwa sababu ni burudani.

Mzee wa Kikuyu
Wakili, lakini nani atathubutu kuomba mkataba? Akiomba ataambiwa anajifanya mjuaji, na kesho jina lake halipo kwenye orodha.

Wakili Msomi
Akiomba mmoja ataondolewa, mzee. Wakiomba kumi na tano siku moja, shoo hakuna.

Namba 9
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo binti wa Nkuhungu, mleta mada ni jirani yetu na nimemjua kwa jinsi anavyoandika. Baba ameusoma uzi huu wote jana usiku, hajasema kitu, ila asubuhi kanipa nauli ya mazoezini.

Mkataba tuliuomba leo, tuko kumi na wawili, wawili wamekataa kusaini ombi wakisema watatuharibia. Mwandaaji amesema atautuma WhatsApp kabla ya Ijumaa. Na vazi la ubunifu nafikiria mwalimu alichosema. Bibi yangu yuko Mvumi, muheme anapiga.

Mleta mada
Kumbe. Sawa mwanangu, ukiupata mkataba uweke hapa, ficha majina. Wakili usiondoke.

Fundi wa Majengo
Namba 9, gauni la muheme njoo tupime Jumamosi. Utalipa ukishauona huo mkataba.